Pambo la ukutani la kanga kuukuu, gunia na makumbi: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Picha mnazonitumia za mapambo yenu ya ukutani ya kanga na gunia zinafanana sana jamani. Kanga imebonyea katikati, pembe za chini zimejikunja, vifuu viwili vitatu vimedondoka vikaacha alama ya gundi, na kwenye picha nyingi kuna kipande cha manjano kimegeuka wekundu wekundu hivi. Alafu chini ya picha mtu ameandika "mimi sina mkono wa sanaa". Mkono unao. Nimeangalia mpangilio wa rangi wa wengi wenu na ni mzuri kweli, shida inaanza mapema zaidi, kabla hata uzi haujatungwa kwenye sindano.

Shida ni kwamba kanga imepewa kazi ya kubeba mzigo. Kanga ni nyepesi, na hizi tunazotumia zimeshafuliwa miaka na miaka, haziwezi kushika kifuu wala kamba ya usumba. Kwenye kazi hii gunia ndo linabeba, ufito unalibeba gunia, na kanga inabebwa tu. Hatua zote hapa chini nimezipanga kwa kufuata hilo, kwahiyo usiruke hata ile inayoonekana ya kitoto.

Tunatengeneza pambo la sentimita 60 kwa 90. Kama ni mara yako ya kwanza usiende zaidi ya hapo, uzito unaongezeka haraka kuliko unavyodhani. Tenga wikiendi mbili au tatu, maana kukausha peke yake kunakula siku.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Gunia moja la juti, kama yale ya korosho au kahawa. Usichukue kiroba cha sandarusi, ile ni plastiki, uzi unateleza na kikikaa juani kinapukutika.
- Kanga kuukuu. Nusu ya doti inatosha, na zinabaki.
- Kitambaa cheupe cha pamba cha kutia rangi: shuka lililochoka, kanzu la zamani, foronya.
- Shuka jingine au mashati ya mtumba ya kuweka bitana nyuma.
- Kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) kama mita 3, katani konzi moja kubwa, na ukili (ule msuko wa majani ya kushonea mikeka) mita 2. Sisi wa Tanga katani tunapata kwa wanaosokota kamba, wanauza hata mabaki. Kama uko mbali na mkonge, fumua kamba ya katani ya dukani.
- Vifuu vya nazi vitatu vinne, vifungo vya nguo za mitumba, shanga za karatasi kama unazo.
- Mwanzi mkavu au ufito mnyoofu wa sentimita 70, unene wa kidole gumba.
- Shazia ya kushonea magunia, sindano ya kawaida, uzi mnene wa pamba, kipande cha nta ya nyuki, pini nyingi, mkasi, msasa, futi ya fundi.
- Kwa ajili ya rangi: shabu (alum), maganda makavu ya vitunguu, manjano ya unga, majani ya chai, misumari yenye kutu, siki, ndimu, na sufuria ambayo haitarudi jikoni tena.

Gundi sijaiandika makusudi. Huku pwani joto na unyevu unaiachisha, na hata isipoachia inageuka njano na kukakamaa mpaka kitambaa kinavunjika pale kwenye mkunjo.

Simbi na makombe mnaniulizia sana. Ukitaka tumia yale yaliyokwishaoshwa na bahari yakaachwa ufukweni matupu, usiokote chenye mnyama ndani. Kwa kweli vifungo na vifuu vinakutosha.

## Hatua ya 1: Jaribu kila kitambaa kwa moto

Siku hizi kanga na kanzu nyingi zimechanganywa poliesta na kwa macho hujui. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya bakuli la maji, washa kiberiti.

Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, inabaki majivu laini yanayosagika kwenye vidole. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inabaki kidonge kigumu cheusi na harufu ya plastiki.

Sababu ya kujisumbua hivi ni kwamba rangi za mimea haziingii kwenye poliesta. Unachemsha saa zima, unasuuza, rangi yote inaondoka na maji, unalaumu vitunguu. Vitambaa vya poliesta usivitupe, vitumie na rangi zake za kiwandani, ila visikae kwenye fungu la kutia rangi.

## Hatua ya 2: Fua vyote, hata visafi

Gunia limebeba vumbi, mafuta, na mara nyingine wadudu. Lipige nje kwanza, geuza ndani nje, lipige tena, alafu lioshe kwa maji ya moto na sabuni. Lisilale kwenye maji usiku mzima maana juti ikilowa inapoteza nguvu. Lianike kwa kulilaza juu ya mkeka au majani, ukilitundika kwenye kamba likiwa limelowa linavutika upande mmoja na hutalinyoosha tena.

Kanga na vitambaa vya pamba vifue na sabuni na maji ya moto, kama kuna kanga mpya humo irudie mara mbili ule wanga utoke wote.

Hapa ndo wengi wanaruka wakisema nguo ni safi. Ukishona gunia ambalo halijafuliwa na kanga iliyofuliwa mara mia, siku ya kwanza ya unyevunyevu gunia linasinyaa, kanga inabaki ilivyo, na ndo hiyo mibonyeo ya kwenye picha zenu. Gunia limalize kusinyaa kote kabla hujakata.

Umefaulu ukiona maji ya mwisho ya kusuuzia ni meupe na gunia likikauka halinuki mafuta.

## Hatua ya 3: Tia rangi

Hii ni hatua ndefu na naipenda kuliko zote, twende taratibu.

Pima uzito wa kitambaa kikiwa kikavu. Mzani wa dukani unatosha. Kila kitu kinategemea uzito huo.

Pamba haiishiki rangi ya mimea kirahisi, inahitaji kitu cha katikati cha kuwashikanisha. Anza na chai: chemsha majani ya chai konzi mbili kwenye maji lita 4, chuja, loweka kitambaa usiku kucha. Kesho yake kikamue tu bila kusuuza sana. Alafu shabu: gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Isage, iyeyushe kwenye maji ya moto pembeni kwanza, ndo uimimine kwenye sufuria yenye maji ya kutosha kitambaa kuogelea. Pasha moto kwa saa moja bila kuruhusu ichemke kwa mapovu makubwa, zima, acha ipoe yenyewe humohumo.

Sasa rangi zenyewe.

Maganda ya vitunguu ndo rafiki wa anayeanza. Uzito wa maganda uwe sawa na uzito wa kitambaa, na maganda ni mepesi kweli, kwahiyo anza kukusanya wiki kadhaa kabla au ongea na muuza vitunguu sokoni, mimi yule wa Ngamiani hapa Tanga nilimpelekea mfuko na akawa ananiwekea. Chemsha maganda saa moja, chuja, weka kitambaa kilichopita kwenye shabu, pasha saa moja nyingine. Unapata dhahabu mpaka kahawia ya machungwa.

Makumbi ya nazi ukiyakatakata na kuyachemsha muda mrefu yanatoa kahawia laini ambayo inakaa vizuri sana na rangi ya gunia.

Manjano inaingia bila hata shabu na inang'aa mpaka unafurahi, lakini ina mambo mawili. La kwanza, jua linaifuta haraka, kwahiyo itumie kidogo na pambo lisikae linapopigwa na jua. La pili ni ule wekundu mnaouliza kila siku: manjano ikikutana na sabuni au magadi inageuka nyekundu. Hujaharibu kitu. Kamulia ndimu kwenye maji, chovya kitambaa, njano inarudi, kisha suuza na maji matupu. Kuanzia hapo kipande hicho kisiguswe na sabuni.

Kijivu na nyeusi inatoka kwenye kutu. Weka misumari yenye kutu kwenye chupa, siki kiasi na maji, acha wiki moja mpaka mbili, maji yatakuwa ya rangi ya chai nzito. Kitambaa kilicholowekwa kwenye chai ukikichovya humo kinageuka kijivu mbele ya macho yako, dakika chache tu. Angalizo: chupa usiikaze mfuniko kwa sababu inatoa gesi, iweke mbali na watoto, na kitambaa kisikae muda mrefu humo maana kutu ikizidi inakula pamba, baada ya muda kinachanika kama karatasi. Kichovye, kitoe, suuza sana.

Katani nayo inakubali rangi hizi zote na inazing'arisha kuliko pamba. Tenga nusu ya katani yako uitie, nusu ibaki na weupe wake.

Sufuria ya chuma inafifisha rangi, kwahiyo tumia ya aluminiamu au ya enameli. Anika kivulini.

Umefaulu kama ukikisugua kitambaa kikavu kwenye karatasi nyeupe hakiachi rangi. Kikiacha, suuza tena. Ukikishona kikiwa bado kinatoa rangi kitachafua kanga ya jirani siku ya kwanza ya masika.

## Hatua ya 4: Kata gunia na uandae msingi

Fumua mshono wa gunia, lipige pasi likiwa na unyevu kidogo. Kata sentimita 70 upana kwa 102 urefu. Tano tano za pembeni na tano za chini ni za pindo, saba za juu ni njia ya kupitisha ufito.

Usikate kwa macho. Chomoa uzi mmoja wa gunia pale unapotaka kukata, utaacha mstari mwembamba ulionyooka kabisa, ufuate huo na mkasi. Gunia lililokatwa kwa mshazari linavutika na pambo litaning'inia upande.

Kunja pindo la pembeni na la chini mara mbili, shona kwa shazia na uzi uliopakwa nta. Juu kunja sentimita 2, alafu 5, shona. Pitisha ufito sasa hivi, litundike popote kwa siku moja likiwa tupu.

Simama mbali uliangalie. Ukingo wa chini uko sambamba na sakafu? Kama hauko, fumua urekebishe sasa, ukiwa na dakika kumi za kazi, sio baada ya kushona kila kitu juu yake.

## Hatua ya 5: Panga bila kushona

Lilaze gunia mezani au sakafuni, panga vipande vyote juu yake. Vizito viwe theluthi ya juu au karibu na katikati, vyepesi na vinavyocheza kama nyuzi za katani viende chini. Vifuu vyote vikikaa chini pembeni vinavuta pembe, ndo zile zilizojikunja kwenye picha.

Kuhusu kanga, jina lile lililoandikwa usilikate katikati ya neno tafadhali. Anayejua kusoma Kiswahili atasimama kulisoma tu. Ama liweke zima, ama usiliweke. Dada mmoja aliniletea kanga ya marehemu bibi yake, mji (ile sehemu ya katikati) umechanika wote lakini jina liko zima, tulilikata kama utepe mrefu likapita katikati ya pambo kutoka upande mpaka upande, na pindo la kanga tukaligawa vipande vidogo. Sikuweka kifuu hata kimoja karibu na hapo, maneno yalijaza nafasi.

Piga picha kwa simu. Badilisha mpangilio, piga nyingine. Ifanye picha kuwa nyeusi na nyeupe: kama kila kitu kinaonekana kijivu kimoja, basi unahitaji kipande cheusi zaidi au cheupe zaidi mahali fulani. Acha usiku mmoja, asubuhi ndo uchague.

## Hatua ya 6: Shona kanga na vitambaa

Inyanyue kanga kwenye mwanga wa dirisha. Kama unaona vidole vyako vizuri upande wa pili, imechoka, ishonee kitambaa cha shuka nyuma kwanza. Unapoigawa ichane kwa mkono badala ya kuikata, pamba inachanika kwa kufuata uzi wake na ule ukingo wa nyuzi unapendeza.

Bana na pini, anza katikati ya kipande ukienda nje, piga bandi (mishono ya juu-chini) za sentimita moja. Ukianzia pembeni unasukuma hewa yote katikati na mbonyeo unazaliwa hapo.

Kila mshono upite chini ya nyuzi tatu za gunia au zaidi. Juti imefumwa wazi wazi, ukishika uzi mmoja unachomoka.

Usiukaze uzi. Ukipitisha kiganja juu kanga ilale bila kuinuka na gunia lisikunjamane kuzunguka mshono.

## Hatua ya 7: Ukili, usumba na katani

Ukili uloweshe dakika kumi na tano kabla, mkavu unavunjika kwenye kona. Ushone kwa uzi unaovuka juu yake kila sentimita 2, usiutoboe.

Kamba ya usumba ifumue ncha upate yale manyoya, ilaze kwa mkunjo unaoutaka na uifunge kwa mishono inayoivuka vilevile. Usumba unatoa vumbi, fumua nje ya nyumba na ujifunge kitambaa puani.

Katani ichane kwa kitana cha zamani, chukua vifungu vyembamba kama penseli, kunja katikati, pitisha kitanzi kwenye gunia kwa ndoana au shazia, ingiza ncha kwenye kitanzi uvute. Usizisawazishe kwa mkasi mpaka pambo liwe limetundikwa.

## Hatua ya 8: Vitu vigumu

Vinakuja sasa kwa sababu vingekuwepo mapema sindano ingegonga kila mahali na uzi ungenasa.

Kifuu kivunje vipande, kingo zote zipite msasa mpaka ukipitisha kidole hazikwaruzi, maana ukingo mkali unakata uzi polepole na hutajua mpaka kidondoke usiku. Toboa matundu mawili kwa drili ndogo au msumari uliopashwa moto ukiushika kwa koleo. Kama unataka kifuu king'ae paka mafuta ya nazi kidogo, alafu kiache siku tatu juu ya gazeti mpaka gazeti lisipate doa, mafuta yakiingia kwenye kanga hayatoki.

Na hapa ndo jibu la vile vinavyodondoka: kila kitu kigumu mbele kiwe na kifungo kidogo nyuma ya gunia. Uzi utoke kwenye kifungo, upite gunia, upite tundu la kifuu, urudi tundu la pili, upite gunia, urudi kwenye kifungo, mara tatu, kisha fundo. Bila kifungo fundo linapita kwenye tundu la gunia tu, hata likiwa kubwa.

Vifuniko vya chupa au bati unaweza kufunga kwa waya mwembamba wa shaba. El Anatsui, yule msanii wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka huko Nigeria, anaunganisha maelfu ya vifuniko kwa waya wa shaba mpaka vinaanguka kama kitambaa, katafute picha zake uangalie maungio. Na kwa shanga za karatasi, mtazame Sanaa Gateja wa Uganda anavyozishona kwenye kitambaa cha magome ya mti, zimebanana mpaka unaona ni rangi ya brashi. Mimi nimejifunza kwake kuziweka kwa wingi mahali pamoja kuliko kuzitawanya moja moja.

Umefaulu ukilinyanyua pambo, ukalitikisa kama unakung'uta mkeka, na hakuna kilichosogea.

## Hatua ya 9: Bitana, ufito na ukuta

Kata bitana ndogo kuliko pambo kwa sentimita 2 kila upande, ikunje kingo, ishone nyuma pande tatu tu. Chini acha wazi. Ukifunga pande zote vumbi na unyevu vinakwama ndani, na siku ukitaka kukaza kifungo utalazimika kufumua.

Ufito upake nta na hakikisha ni mkavu kabisa, mwanzi mbichi unaleta ukungu na vidudu vinavyotoboa. Funga kamba ncha zote mbili, umbali sawa.

Pima uzito kwanza. Yangu mengi ya saizi hii yanafika kilo moja na nusu hivi, na ukuta wa tofali za saruji unataka msumari wa zege, hii misumari ya kawaida inapinda. Tumia misumari miwili iliyoachana sentimita 40, pambo halitazunguka kila upepo ukiingia.

Liweke ukuta usiopigwa na jua la moja kwa moja, mbali na moshi wa jiko, na upande wa nyuma weka vipande viwili vya kizibo au ndala ya zamani kwenye pembe za chini ili hewa ipite kati ya gunia na ukuta.

Baada ya wiki mbili lishushe. Liangalie ukingo wa chini, shika kila kifuu ukivute kidogo, kilicholegea kikaze kupitia ule upande wa bitana ulioacha wazi. Sasa ndo uchukue mkasi, lirudishe ukutani, na usawazishe nyuzi za katani zikiwa zimening'inia. Masika ikiisha, litoe nje asubuhi kivulini lipate hewa, likung'ute, lirudi mahali pake.